Upande wa Nyuma wa Karatasi ya Kumi na Nne

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, mwanga wa skana ulipita juu ya karatasi ya kumi na nne. Jalada lilikuwa la vikao vya nidhamu vya chuo, la miaka thelathini na moja iliyopita. Chuo kiliamua kuweka kumbukumbu zake zote mtandaoni. Zinazomtaja mtu aliye hai husubiri ridhaa yake.

Mtunza nyaraka alilitambua jina. Lilikuwa la shangazi yake, aliyefukuzwa mwaka wa mwisho wa udaktari kwa kuiba mtihani, na ambaye tangu hapo hutengeneza miwani. Baba hakuwahi kumuuliza dada yake kama ni kweli.

Mtunza nyaraka aligeuza karatasi.

"Nyuma hakuna kitu, ruka," mkuu wake alisema. "Wewe ungenakili hata kivuli chako."

"Kanuni inasema kila upande, bosi."

Nyuma kulikuwa na mistari mitano. Mwaka ule karatasi zilikuwa adimu, makarani wakapiga chapa pande zote mbili. Wino ulikuwa umefifia: mwizi amekiri, adhabu imefutwa, mwanafunzi arudishwe, aandikiwe barua. Katika daftari la barua zilizotoka, barua hiyo haikuwamo.

Mkuu alisoma mara mbili, kisha akasimama, kama anayempisha mtu mzima kiti.

Saa nne kasoro dakika tano mtunza nyaraka alipiga simu.

"Shangazi, umekaa?"

"Nimekaa, nina miwani ya watu mkononi. Nani amekufa?"

"Hakuna." Akamsomea mbele, akamsomea nyuma.

Bisibisi ilisikika ikianguka juu ya kioo.

"Rudia wa nyuma. Polepole, hukimbizwi."

Akarudia.

"Ukiuweka huo, na wa mbele watauona?"

"Wataona yote. Karatasi ni moja."

"Wa mbele wameujua miaka yote bila mtandao. Weka, mwanangu."

Fomu ya ridhaa ilirudi kwa simu, imetiwa saini. Saa tano na dakika mbili karatasi ilifunguka, kwa yeyote, popote. Idadi ya wasomaji ilikuwa mmoja. Saa sita kamili walikuwa mia mbili na sita, na mkuu alikuwa bado amesimama.

Saa sita na robo baba aliandika kwenye kundi la familia: "Dada, nimesoma pande zote mbili. Nipo njiani nakuja kwako."