Hoteli Iliyomchukua Zacharie

Vitu vya hoteli vilipigwa mnada Jumamosi asubuhi katika ghala moja huko Jordbro, kitongoji cha Stockholm. Kahindo alitoka nyumbani kwake Fittja, kitongoji kingine, na binti yake Gaëlle. Mume wake Zacharie alikuwa amezikwa mwezi uliopita.

Miaka kumi na tisa Zacharie alibeba mizigo ya wageni wa hoteli ile, kutoka stesheni hadi vyumbani, huko kaskazini milimani. Alipenda kusimulia kwamba zamani pale palikuwa na theluji na mawe tu. Reli ilipofika, ikazaa hoteli: matajiri wa Stockholm wakapanda treni na masanduku yao kwenda kuvuta hewa ya mlimani, wakajengewa ukumbi wa dansi wenye madirisha marefu kama ya kanisa. Lakini treni ilipoacha kusimama pale, wageni walipungua mwaka hadi mwaka, mwisho milango ikafungwa. Zacharie akarudi nyumbani Fittja, akakaa kimya miezi mitano, moyo wake ukasimama.

Kahindo hakuwahi kufika huko. Kila majira ya baridi mumewe alimletea tiketi ya treni, akimsihi aje.

"Mama Gaëlle, kuya uone, hata mara moja tu."

"Baridi ya hapa inanitosha. Wewe umeoa hoteli, kaa nayo."

Ghalani watu waligombea vinara vya taa na vyombo vya fedha. Kahindo alipekua rundo la picha zilizoegemezwa ukutani, akachomoa moja. Ndani yake wafanyakazi wa hoteli walikuwa wamejipanga kwenye stesheni, treni nyuma yao. Katikati, mwanaume mwenye kofia amembeba mtoto wa mgeni mabegani, anacheka, kichwa amekirusha nyuma, meno yote nje.

Gaëlle akachungulia. "Vem är det?" akauliza kwa Kiswidi. Nani huyu?

"Baba yako."

Msichana akaisogelea picha. "Sijawahi kumwona hivi," akasema, safari hii kwa Kiswahili.

"Hata mimi."

Samir, mfanyakazi wa ghala, akawaambia hakuna aliyeitaka ile picha, waichukue tu. Kahindo akashukuru. Akakaa juu ya sanduku la kuuzwa, picha mapajani, akajaribu kukumbuka tiketi zilikuwa ngapi. Watu wawili wakaja wakamwomba asimame, sanduku limenunuliwa. Gaëlle akamshika kwapani, akamwinua taratibu.