Mlio wa Ndoo

Mamba aliyepigwa risasi alilazwa siku nzima mbele ya ofisi ya wanyamapori. Watu wakampiga picha, na afisa akatangaza kwamba mhalifu amepatikana. Tumboni mwake hakikukutwa kitu cha binadamu, ila samaki na kipande cha mfupa wa ng'ombe kilichokatwa kwa msumeno. Mpishi mmoja aliyekuwa hapo alipokiona akaondoka bila kuaga. Msumeno ule ulikuwa wa jikoni kwake.

Alipika katika hoteli ya watalii iliyo juu kidogo ya kijiji, ukingoni mwa mto uleule. Kila jioni alibeba ndoo ya mifupa hadi kwenye jukwaa la mbao, akaigonga ndoo kwa upawa, kisha akaimwaga majini. Mwanzoni mamba hawakuja. Msimu ulipokwisha walikuwa wakifika kabla upawa haujatulia, na wageni wakishangilia. Wazo lilikuwa la meneja.

Huku chini, kwenye mteremko wa kuchotea maji, wanawake nao waligonga ndoo. Ndivyo walivyofanya bibi zao: unagonga, mamba anakimbia kelele, unachota upesi, unapanda.

Wodini, mkono wa kulia wa wifi wa mpishi, aliyekamatwa na mamba pale mteremkoni, uliishia kwenye kiwiko, bandeji ikiwa na madoa ya manjano ya dawa. Dada huyu wa mumewe aliitwa Redio, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuiona swichi yake. Siku hiyo aliongea polepole.

"Niligonga, wifi. Kila anayeingia humu ananiuliza kama niligonga. Niligonga, na yeye akaja kama mtu aliyeitwa kula. Na ukinicheka nikila kwa kushoto, nakusema kwa kaka."

Mpishi alikwenda moja kwa moja kwa meneja, ambaye alizaliwa kijijini hapo na kukuzwa kwa maji ya mteremko ule, akamweleza habari ya mfupa na ya mlio. Meneja hakubisha hata neno moja. Alisema wageni wameshalipia onyesho, mamba mkosaji ameshakufa, na suala la kelele atalishughulikia.

Kesho yake kibao kikasimikwa mteremkoni, chenye muhuri wa afisa: NI MARUFUKU KUGONGA NDOO HAPA. Hoteli yenye pampu, tangi na bwawa la kuogelea iliachiwa mlio wake. Waliotakiwa kunyamaza ni wale wasio na bomba.

Jioni ile mpishi alipeleka ndoo jukwaani kama kawaida, akaiweka chini, akakunja mikono. Wageni walikuwa wameshaziandaa kamera. Meneja akamsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini agonge.

"Sigongi," mpishi alisema. "Twende pale alipokuwa akichota mama yako. Ugonge wewe, kisha uchote ndoo moja tu. Ukirudi na mikono yote miwili, kesho nitagonga mpaka upawa uvunjike."

Meneja akawageukia wageni, akacheka, akasema mpishi hajisikii vizuri. Akakunja mikono ya shati lake jeupe, akagonga mwenyewe. Maji yakachafuka. Alipomwaga alisimama mbali na ukingo, mguu mmoja nyuma tayari kukimbia, na nusu ya mifupa ikaangukia mbao.

Mpishi akavua aproni. Mteremkoni aliwakuta wanawake wamesimama chini ya kibao na ndoo tupu. Hakuna aliyethubutu kugonga, wala aliyethubutu kuingia kimyakimya.

"Leo hachoti mtu hapa," akawaambia. "Nifuateni."

Walipanda wakiwa wamefuatana hadi kwenye tangi la hoteli. Mlinzi akauliza ni nani aliyewaruhusu. Mpishi akampita, akafungua bomba, akakinga ndoo ya kwanza. Ilikuwa ya Redio, iliyobebwa na jirani yake. Meneja alikuja mbio kutoka jukwaani, upawa ungali mkononi, na wageni wakamfuata na kamera zao. Akaanza kufoka, akawaona nyuma yake, akakatisha.

Maji yakaendelea kutoka. Wageni wakalipiga picha na hilo pia.