Kura ya Seneta Brekke

Kumfundisha mtu wa Minnesota kuomba kitu ni kazi ya kukutoa jasho hata Machi, theluji ikiwa magotini. Mimi nilizaliwa Chicago, ambako mtu akitaka chumvi anasema lete chumvi. Huku nimeolewa, nimekaa hadi nimeota mvi, na mama mkwe wangu akitaka chumvi bado husema tu kwamba viazi vya leo vina ladha ya pekee. Nampenda, lakini ananichosha.

Jumamosi ile nilikuwa na watu wangu wa kujitolea katika ukumbi ulio chini ya kanisa la Kilutheri la Elk Bend. Jumanne tungekwenda Saint Paul, kwenye bunge la jimbo, kuwaomba maseneta wapitishe mswada wa ruzuku kwa nyumba zinazolea na kufundisha watoto ambao hawajafikia umri wa shule. Kazi yangu ni kuwanoa watu kama hawa, na kanuni yangu ni fupi. Jitambulishe, simulia kisa chako, uliza "Je, utapiga kura ya ndiyo?", kisha funga mdomo. Walishindwa kuanzia hapo kwenye swali.

Nilijifanya seneta, nikakalia kiti cha mchungaji na kununa. Akaja LaVonne Tollefsrud. Nyumbani kwake analea watoto kumi na wawili, kuanzia wa chupa hadi wanaojifunga viatu wenyewe. Mahali pengine pa kuwaacha watoto ni mwendo wa saa nzima kwa gari. Ruzuku isipopita atafunga mwezi wa Juni, na wazazi keshawaambia. Kirsten Moe, nesi ambaye mapacha wake wanalelewa hapo, amekwisha kusema ataacha kazi.

"Mheshimiwa, samahani kwa kukusumbua," LaVonne alianza. "Najua una mengi. Tuna watoto pale kwangu, si watundu sana, na tulikuwa tunafikiri labda, ukipata nafasi..."

"Labda nini?"

"Labda uutupie jicho ule mswada. Ila kama haiwezekani, si neno kabisa."

"LaVonne! Umeomba, halafu umejinyima mwenyewe! Seneta kabakiwa na kazi gani sasa, kukusindikiza mlangoni?"

Gordy Haugen, dereva mstaafu wa basi la shule, alicheka hadi kahawa ikamtoka puani. "Roz, mwache mama wa watu. Hajazoea kubanana na wakubwa."

"Wewe Gordy nyamaza. Zamu yako uliniomba radhi kwa ajili ya theluji."

Tulirudia, tukarudia tena, wakala chakula cha mchana, tukarudia. Jioni LaVonne alilitoa swali zima bila kumung'unya, akafunga mdomo, shingo ikamwiva nyekundu.

"Inauma," alisema.

"Ndiyo kazi yenyewe, dada."

Jumanne kamati ingepiga kura mchana. Miswada yetu hufia kwenye kamati hiyo kila mwaka, ingawa bunge lenyewe huwa tayari kuipitisha, na safari hii kura zilikuwa zimelingana. Iliyobaki kuning'inia ni ya Wendell Brekke, seneta wa kwetu, mfugaji wa batamzinga. Tulipewa dakika chache ofisini kwake, mimi, LaVonne na Gordy.

Brekke alitupokea kwa bashasha. Akaanza na LaVonne habari za barafu ya ziwani, wakahamia kwa shangazi yake LaVonne aliyemfundisha seneta piano, wakamsikitikia yule shangazi na nyonga yake. Mimi roho juu. Nilikohoa kwa nguvu, na LaVonne akaingia kwenye kisa chake.

"Nina katoto kalikuja kwangu hakajui neno ila hapana. Sasa ndiko kanakopanga foleni ya choo. Kanawahesabu wenzake kwa wimbo, kakikosea kanaanza upya, na wenzake wote wamebana miguu."

Brekke alicheka hadi akafuta macho. Ndipo LaVonne akauliza, "Je, utapiga kura ya ndiyo?" Akafunga mdomo. Nilitamani kumkumbatia.

Seneta aligeukia dirishani. "Sidhani, LaVonne. Watu wanalalamika kodi."

Katika kazi yangu mtu akikataa unamshukuru, unaondoka na heshima yako. Nilichukua koti langu, nikimwaza Kirsten na mapacha wake. LaVonne hakuinuka.

"Naelewa," alisema kwa upole. "Utapiga kura ya ndiyo?"

"Hapana, kwa kweli ni ngumu. Wakubwa wa chama wataninunia."

Nilimshika mkono nimwinue. Akauchomoa.

"Watanuna, ni kweli," alisema, sauti ile ile. "Lakini mama yako anapimwa presha na Kirsten pale zahanati, na kuanzia Juni Kirsten atakuwa nyumbani na mapacha. Wendell, utapiga kura ya ndiyo?"

Hapo nikakumbuka niko wapi. Huku ukimkaribisha mtu kahawa, husema hapana, asante. Ukirudia, husema usijisumbue. Mara ya tatu ndipo husema haya, nusu kikombe, naye humaliza birika. Mume wangu siku ya kwanza kwa wazazi wangu Chicago alikataa chakula, mama akamwamini, na maskini akalala na njaa. Miaka yote hiyo nimewafundisha watu wa huku kuuliza mara moja na kwenda zao! Nilijiona mjinga wa kutupwa.

Brekke alikuna kidevu. "Haya basi," alisema. "Kama itasaidia."

Mchana aliinua mkono huku akiangalia dari, kana kwamba mkono si wake. Mswada ukavuka kwa kura moja. Gordy alinipiga mgongoni nusura nianguke, nami nikamrudishia.

LaVonne alikuwa amejitenga ukutani na simu sikioni. Nilimsogelea nimpongeze.

"Kirsten, samahani nakusumbua kazini," alikuwa akisema. "Lile la kuacha kazi... usiache. Nakuomba. Wale watoto wako nawataka. Tangu nikwambie nafunga sijalala vizuri, na hilo sikuwahi kukwambia."

Nimemfahamu LaVonne muda mrefu, na sikuwahi kumsikia akitaka kitu kwa ajili yake mwenyewe. Kilio cha Kirsten kilitoka kwenye simu kikatufikia sote pale kwenye korido ya bunge, na Gordy akavua kofia yake.