Bluu Chini ya Tuta

Bwawa ni langu. Baba alinigawia mimi, kitindamimba wake, tuta la udongo la hatua arobaini alilolijenga ili korongo liache kula shamba. Dada yangu alipata nyumba iliyo chini yake, na jiko lake limekaribia mno ukingo wa korongo. Tuta likibomoka, jiko linaondoka, pengine na nyumba nzima.

Kwa hiyo nilipokuta chini ya tuta pameloa, nilishtuka. Fundi wa mabwawa aliwahi kuniambia kuwa maji safi yakivuja si neno, ila ya tope yanalibeba tuta kutoka ndani. Nikakinga glasi moja, nikayaacha yatulie. Udongo ulioshuka ulikuwa na unene wa kidole.

Nani anatoboa? Nilimshuku panya, nikamshuku kaa, nikawashuku mbuzi wa dada, na hao niliwasema waziwazi kwa kuwa mdomo wangu hauna breki. Dada akaninunia. Siku ya nne nikaona jani linazunguka majini mahali pamoja, kando ya kisiki cha mti kilicho kwenye tuta, kisha likazama ghafla. Nikamwaga hapo nusu pakiti ya bluu ya kufulia, nikateremka mbio, nikachuchumaa kungoja. Nilikuwa nimeshaanza kujicheka, mara maji yakatoka ya bluu.

Fundi alikuja akachomeka nondo pale kwenye kisiki. Ikazama bila kusukumwa.

"Mti huu aliukata nani?"

"Mimi, mwaka wa tatu huu. Si ulisema mti juu ya tuta haufai?"

"Haufai kupandwa, mama. Ukishakua, ukiukata ung'oe na mizizi yake. Hii imeoza humo ndani, kila mzizi sasa ni bomba. Mvua zikiikuta hivi, huna tuta."

Dawa ilikuwa moja tu: kumwaga maji yote niliyoyangoja misimu miwili, kufukua mizizi, kisha kushindilia udongo upya. Iliniuma sana. Lililoniuma zaidi ni kwamba ilibidi niende kwa dada.

Nilimkuta jikoni anapepeta mchele. Nikamwambia bila kuzungusha: si mbuzi, ni mimi.

Aliweka ungo chini, akatoka, akalitazama korongo. Halafu akachukua jembe lililoegemea ukutani, akanikabidhi.

"Uliukata mwenyewe, na kuchimba utachimba mwenyewe," alisema, huku akijifunga kanga kiunoni. "Mimi nitabeba udongo."