Bunduki ya Kambi

Amri ya hakimu ilitoka mwezi wa tisa, na aliyeiomba ni Aili Lahtinen. Aliiomba dhidi ya mdogo wake, Arvid. Arvid alikuwa amefukuzwa kazi kwenye kiwanda cha mbao, na tangu hapo alikuwa akimwambia yeyote aliyekaa naye ndani ya sauna, kile chumba cha kuoga kwa mvuke, kwamba siku moja angerudi kule na bunduki, na angeanza na Trudell, msimamizi aliyemfukuza. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayepanga kubadilisha matairi ya gari kabla ya theluji, na ndiyo maana Aili alimwamini.

Sheria yenyewe ilikuwa bado ngeni jimboni Michigan, Marekani. Ndugu anaweza kwenda mahakamani akaeleza hofu yake, na hakimu akiona ina msingi, mtu huyo hunyang'anywa bunduki zake kwa mwaka mmoja. Huku kwetu, juu kwenye misitu, wengi hawakuipenda, na hata sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya, alikuwa amesema hadharani kwamba haipendi. Lakini alikuja. Alivua kofia mlangoni, akamwomba radhi mzee Reino, baba yao, kisha akaondoka na bunduki tano za Arvid, pamoja na ile nyeusi inayobeba risasi thelathini na kuzitema bila kupumzika. Arvid alimsaidia kuzipeleka garini.

"Furahi sasa, dada," alimwambia Aili. "Umenivua suruali mbele ya mji mzima."

Kwa wiki kadhaa baadhi ya watu kanisani hawakumsalimia. Aili alikuwa dereva wa basi la shule, na mzazi mmoja alimwuliza kama ataanza kuwapekua watoto kutafuta manati. Alivumilia. Trudell alikuwa hai, Arvid alikuwa hai, na yeye hakuwa ameomba zaidi ya hilo.

Msimu wa kulungu hufunguliwa tarehe kumi na tano Novemba. Siku hiyo shule hufungwa, ofisi hubaki na mtu wa kupokea simu tu, kiwanda peke yake ndicho hakisimami, na mwanamume atakayeonekana mjini asubuhi huulizwa anaumwa wapi. Siku moja kabla, mchana, Aili na baba yake walikuwa jikoni wakifunga pai za nyama na viazi za kupeleka kambini, kwenye nyumba ya familia ya kuwindia huko msituni.

"Umefunga nyingi, baba. Si ni wewe na baba mdogo Wilho tu?"

"Arvid anakuja."

"Anakuja kufanya nini? Kuosha vyombo?"

"Kuwinda."

"Kwa kucha?"

Reino alifuta unga mikononi taratibu. "Atatumia ile ya kambi."

Aili alikaa chini. Bunduki ya kambi ilinunuliwa na babu yao, na tangu kabla ya yeye kuzaliwa ilining'inia kwenye misumari miwili juu ya jiko la kuni. Aliitumia mgeni asiye na yake, au mtu ambaye yake imegoma, au mtoto anayefundishwa. Haikuwa ya mtu. Alipoulizwa mahakamani ni bunduki zipi mdogo wake anaweza kuzifikia, alifikiri sana, akataja hata ile ya upepo waliyochezea utotoni. Hii haikumjia kabisa. Wala sherifu hakuiulizia, naye alimwangusha kulungu wake wa kwanza kwa bunduki hiyo hiyo.

"Hakimu alisema bunduki yoyote, baba."

"Hakimu alikuwa anasema bunduki zake. Ile si yake." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Miezi miwili hatoki chumbani, Aili. Nikimwacha nyumbani kesho, nitarudi nimkute ananing'inia. Hilo umelifikiria?"

Alikuwa amelifikiria. Alipiga simu kwa sherifu, akapokea naibu wake.

"Hata kuigusa haruhusiwi," naibu alisema. "Lakini niko peke yangu hapa. Bosi yuko kambini kwake, na huko simu haishiki. Nitamtuma mtu kesho kutwa."

"Kesho kutwa itasaidia nini?"

"Aili, nusu ya wilaya iko msituni na bunduki. Unataka nimtafute mmoja?"

Basi, baba yake alipokwisha kutangulia na pai, akaenda mwenyewe. Njia ya kambini ilikuwa na theluji ya kifundoni, na alifika jua likiwa bado juu ya miti. Baba yake na baba mdogo wa kambi nzima, kama wenyewe walivyomwita Wilho, walikuwa wakicheza karata. Arvid alikuwa akipasua kuni nje. Alikuwa amenyoa ndevu.

"Polisi imefika!" Wilho alipiga kelele. "Ficheni pombe!"

Aili hakucheka. Alipita hadi kwenye jiko, akaitoa bunduki kwenye misumari yake. Reino aliinuka, akaushika mtutu.

"Ukitoka nayo hii, umeniacha na mimi pia," alisema. "Usinirudie tena nyumbani."

"Nitakaa nayo siku moja tu, baba."

"Siku yenyewe ndiyo hiyo moja."

Arvid alikuwa ameingia na mzigo wa kuni. Aliuweka chini, akawatazama wote wawili wameshikilia ile bunduki kama watoto wanaogombea blanketi. "Mwachie, baba," alisema. "Nitakaa hapa nimenye viazi. Nimeshazoea."

Kama Arvid angepiga kelele, labda Aili angeondoka nayo. Uso wa baba yake ulikuwa umebadilika, na Wilho alikuwa akitazama sakafu.

"Sikiliza," Reino alisema. "Risasi zitakaa kwangu. Tutakaa kibanda kimoja cha kuvizia, yeye na mimi. Kulungu akitokea, nampa moja. Moja tu."

"Na usipotuamini lala hapa," Wilho alisema. "Ila ujue nakoroma."

Aili aliiachia. Alirudi mjini akijiambia kwamba baba yake hajawahi kuvunja neno, na ni kweli hakuwahi.

Yaliyofuata alikuja kuyasimulia Reino mwenyewe. Alfajiri alitokea dume mwenye pembe nzuri. Reino alimpa mwanawe risasi moja, na Arvid alimwangusha papo hapo. Mzee alilia. Alimkumbatia, akahisi kijana naye anatetemeka, akadhani ni furaha.

Huku kwetu dume wa siku ya kwanza hupelekwa mjini kutundikwa kwenye boriti ndefu mbele ya ofisi ya mji, watu wamwone, na aliyemuua hupigwa picha akiwa na bunduki aliyomuulia. Goti la Reino lilikuwa limekaza kwa baridi, kwa hiyo hakutaka kwenda, na Wilho alikuwa bado msituni. Koti la Arvid lilikuwa limelowa damu ya kumpasua yule mnyama. Mzee alivua lake, akamvalisha kama alivyokuwa akimvalisha zamani kabla ya shule, akampa funguo za pikapu. Bunduki iliwekwa nyuma ya kiti kwa ajili ya picha. Risasi zilikuwa ndani ya mfuko wa koti hilo. Pikapu ilikuwa imeshapotea kwenye miti Reino alipojipapasa kifuani akitafuta tumbaku, akakumbuka.

Aili alikuwa penye boriti na akina mama wa kanisa, wakiuza kahawa. Aliona pembe zikichungulia nyuma ya pikapu ya baba yake, na watu wakaanza kupiga makofi. Arvid alipunguza mwendo. Alikuwa peke yake. Alimwinulia dada yake mkono, akapita, akakata kona ya kwenda kiwandani.

Aili alipiga simu getini. Aliyepokea ni Renee Paquette, mlinzi, ambaye watoto wake walipanda basi lake.

"Renee, funga geti. Arvid anakuja, ana bunduki."

"Mama, leo nani hana bunduki?"

"Renee, funga! Watoe watu!"

Milio ilianza kabla hajakata simu. Ilisikika vizuri kabisa pale penye boriti, lakini tangu alfajiri milio ilikuwa ikitoka kila upande, na hakuna aliyegeuza shingo. Mzee mmoja alipuliza kahawa yake, akasema, "Huyo kapata wa pili."

Walikufa Trudell na mwendesha msumeno mmoja aliyeitwa Maki. Wa tatu ni Arvid, kwa mkono wake mwenyewe.

Baada ya mazishi mji uligawanyika, na nyumba ya Reino pia. Wilho alikuja, akakaa jikoni bila kuvua koti.

"Sisemi kwa ubaya, mwanangu," alimwambia Aili. "Lakini karatasi yako ilizuia nini? Ilimwaibisha tu. Labda aibu ndiyo iliyomsukuma."

Aili alikuwa amejiuliza hivyo hivyo.

Mlango ukagongwa, akaingia Renee na sufuria ya mchuzi iliyofunikwa kwa taulo. Hakuna aliyemtarajia, kwa kuwa Maki alikuwa binamu yake. Aliweka sufuria mezani, akabaki amesimama.

"Nimesikia ulichosema, mzee," alimwambia Wilho. "Mimi nilikuwa ndani. Ile bunduki inaingia risasi tano. Alimaliza, akaanza kuingiza nyingine, moja moja. Hapo ndipo nilipowatoa watu kwa mlango wa nyuma wa kutolea vumbi la mbao. Wote waliobaki wa zamu. Angekuwa na ile nyeusi, nisingekuwa nimesimama hapa."

"Maki yuko wapi?" Wilho aliuliza. Hakuuliza kwa ukali.

"Maki yuko kaburini. Sijasema vingine."

Reino alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Tangu msiba alikuwa hajasema mengi, isipokuwa kwa polisi, ambao aliwaeleza yote, hata habari ya koti, na alikuwa akingoja waje kumchukua. Sasa aliufunika uso kwa viganja.

Renee alimgeukia Aili. "Nina swali moja. Ulizitaja zote mahakamani. Ile ya kambi kwa nini hukuitaja?"

"Sikuiona kuwa bunduki," Aili alisema. "Kwangu ilikuwa kama meza. Kama jiko. Ilikuwepo tu."

Alingoja atukanwe. Renee alikunja lile taulo, akalikunjua, akalikunja tena.

"Kambini kwetu pia ipo moja," alisema.

Kisha akavuta kiti, akakaa.