Mji Uliokatazwa Kukohoa

Mume wangu Muderhwa ni mwalimu, na kama walimu wengi ana ugonjwa wa kuandika. Tunaishi Cyangugu, yeye anafundisha Bukavu. Kila asubuhi tunavuka daraja la mpaka wa Rwanda na Kongo kwenye barrière ya Rusizi ya Kwanza, yeye mbele na begi la vitabu, mimi nyuma na beseni la nyanya kichwani. Jioni tunarudi, mimi nalala, yeye anaandika. Sikulalamika sana, isipokuwa umeme ulipokatika akamaliza chaji ya simu yangu kwa tochi.

Mwaka huu aliandika hadithi ya mji mmoja wa ziwani. Mtawala wake alikohoa katikati ya hotuba, watu wakacheka, na kesho yake kukohoa kukakatazwa. Watu wakajifunza kumeza kikohozi. Akina mama wakawaziba watoto vinywa. Hata kwaya ya kanisa ikapunguzwa, maana waimbaji huvuta pumzi nyingi na hujui itatoka na nini. Alinisimulia hayo nikiwa nakaanga sambaza, vile visamaki vya ziwani. Nikamwambia, nani mwenye akili atasoma habari za kikohozi? Sikuisoma.

Alitoa fotokopi nyingi kwa ajili ya wanafunzi wake. Mkurugenzi wa shule akasoma ukurasa mmoja, akamwomba kwa adabu azirudishe nyumbani. Rundo likakaa chini ya kitanda chetu na mende.

Hapo ndipo anapoingia Feza, dada yake Muderhwa, anayeuza karanga kwenye foleni ya barrière. Huku Rwanda mfuko wa plastiki ni kosa, kila mchuuzi anajua, kwa hiyo karanga zinafungwa kwenye karatasi. Feza alipomaliza karatasi za mitihani ya zamani alizokuwa akifungia, akaja kwetu, akainama chini ya kitanda, akabeba rundo. Hakuuliza mtu. Kwake karatasi ni karatasi, na ile ilikuwa safi upande mmoja.

Foleni ya barrière ni ndefu na mtu hana la kufanya. Watu wakala karanga, wakakunjua karatasi, wakasoma. Mmoja alipata katikati ya hadithi, mwingine mwisho, na kurasa zikaanza kubadilishana mikono.

“Nipe ile ya kwaya,” nilimsikia Micheline, muuza ndizi, akimwambia mpagazi mmoja, “miye nakupa ile ya mutoto.”

Haukupita muda foleni nzima ikawa inaijua hadithi kuliko mimi, mke wa mwandishi. Halafu asubuhi moja mkubwa mmoja wa usalama akawa anapita kando yetu na miwani yake, na huko nyuma mwanamke akakohoa. Mwingine akajibu. Havikuwa vikohozi vya ugonjwa. Mkubwa akasimama, pakawa kimya. Akatembea, wakakohoa.

Usiniulize mkubwa huyo ni wa upande gani wa daraja. Sitasema, na nikisema haitakusaidia. Wa upande huu walidhani mtawala yule ni wao, wa upande ule nao wakadhani ni wao. Muderhwa hakumchora mtu, lakini kila mwenye cheo alijitambua.

Mimi niliogopa tangu siku ile. Yeye alifurahi. Alikuwa akisimama kwenye foleni anasikiliza vile vikohozi kama mtu anayesikiliza jina lake likitajwa redioni. Nilimkasirikia mpaka nikashindwa kumtilia chakula vizuri. Nikamwambia aache kuvuka kwa muda, aseme anaumwa.

“Naumwa nini?” akaniuliza. “Kikohozi?”

Asubuhi moja watu wa mkubwa yule wakamchukua kwenye foleni, mbele yangu. Feza akaangusha beseni la karanga na hakuna aliyeinama kuokota. Nilimfuata mume wangu hadi kwenye kibanda cha mabati, na kwa kuwa sikufukuzwa, nikaingia. Mlango ulikuwa wazi, foleni nzima inatuona. Nje palikuwa na gari, injini inanguruma, vijana wawili wamekaa kiti cha nyuma na kumwachia mtu nafasi katikati. Wote tunaijua nafasi ile. Anayekaa pale harudi; mke wake anakwenda ofisi hii anaambiwa aende ile, mpaka watoto wanazoea.

Mezani mkubwa alikuwa amekunjua karatasi za karanga, zina mafuta na chumvi. Alikuwa amezisoma, nadhani zaidi ya mara moja.

“Mwalimu, huyu mutawala ni nani?”

“Ni mutu wa hadithi tu, shefu.”

“Jina yake?”

“Hana jina.”

“Njo ile inanisumbua,” akasema mkubwa, taratibu, bila hasira. “Kama alikuwa na jina, ningejua kama ni miye ao ni mutu mwingine. Sasa batu banakohoa, na miye sijui banakoholea nani.”

Muderhwa akatazama zile karatasi. Namjua: alikuwa anatafuta jibu zuri, na jibu zuri ndilo lingemuua. Mkubwa akavua miwani, akanigeukia.

“Maman, weye ni bibi yake. Unalala naye, unajua mawazo yake. Mutawala ni nani?”

Sikuwa nimesoma hata mstari. Niliona gari, niliona nafasi katikati ya wale vijana, nikamwona binti yetu Aurore akiniuliza baba yuko wapi. Mdomo ukajibu wenyewe.

“Ni papa yake, shefu.”

“Papa yake?”

“Mzee Ntabaza. Alikuwa mukali sana. Ku meza ya chakula mutoto akikohoa, anamupiga. Bote balikuwa banakula kimya. Huyu hajasahau, njo anaandika.”

Sasa nikwambie Mzee Ntabaza alikuwa nani. Alibeba magunia ya unga hapo hapo barrièreni mpaka kifua kikaharibika, na ujira wake ndio uliomsomesha Muderhwa. Hakuwahi kuinua mkono juu ya mtoto. Mwaka wake wa mwisho alilala chumbani kwetu, na alipokohoa alijiziba na blanketi asimwamshe Aurore. Alifia mikononi mwa mwanawe.

Mkubwa alinitazama, akamtazama mume wangu.

“Ni kweli, mwalimu?”

Muderhwa aliniangalia mimi, si yeye. Nilimwomba kwa macho. Injini inanguruma.

“Ndiyo, shefu,” akasema. “Ni papa yangu.”

Mkubwa akaanza kucheka. Alicheka kwa raha ya mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Akatoka mlangoni, akawaambia watu wa foleni kwa sauti: “Kumbe ni papa yake. Mzee mubaya, alikuwa anapiga batoto juu ya kikohozi.” Na foleni ikacheka. Micheline alicheka mpaka akashika kiuno. Siwalaumu, walikuwa wameogopa kama mimi. Feza peke yake aliinama, akaanza kuokota karanga zake moja moja.

Gari likazimwa. Tukaruhusiwa kwenda.

Tulipofika katikati ya daraja akasimama.

“Uliisoma?” akaniuliza.

“Hapana.”

“Basi soma. Mzee wangu yumo. Ni yule anayekohoa wa kwanza baada ya katazo.”

Nikamwambia ningeweza kusema lolote siku ile ili nirudi naye nyumbani. Akasema anajua, na akanishukuru, kwa sauti ambayo hutumia kwa wakubwa.

Kesho yake tulikuwa kwenye foleni kama kawaida. Mkubwa akapita, polepole kuliko siku zote, anawajaribu watu. Hakuna aliyekohoa. Mtu atamkoholeaje mkubwa, wakati kila mmoja anajua sasa kwamba ni habari za mzee mmoja mkorofi wa kwao Muderhwa? Akafika mbele yetu, akasimama.

“Mwalimu, na papa, hakupigi tena?”

Watu wakacheka. Mkubwa hakuondoka. Alikuwa anamtazama mume wangu mdomoni, anasubiri. Mume wangu ninaye, nilimtoa mle ndani mzima, na kesho ningefanya vilevile. Lakini nilikuwa nimesimama hapo, beseni kichwani, Muderhwa alipofungua mdomo akamcheka Mzee Ntabaza pamoja na wengine, na akaendelea kucheka mpaka mkubwa aliporidhika.