Taa ya Upande wa Jikoni

Mke wangu aliamua mti wetu ukatwe Jumamosi saa mbili asubuhi. Hakuniuliza, alinitangazia. Mkata miti alishapigiwa simu, na pale mahali pangesakafiwa ili apate pa kuanika nguo.

"Umenichosha," alisema.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa sarufi, miaka thelathini na nne mbele ya ubao, na najua kwamba hiyo *u* ya mwanzo inaweza kuwa mti na inaweza kuwa mimi. Sikuthubutu kuuliza.

Mti wenyewe hatuujui jina. Hauzai, hautoi ua la maana, na kivuli chake hakimtoshi hata kuku. Lakini niliupanda kwa mikono yangu mwaka tuliohamia, na tangu nistaafu nakaa kibarazani nautazama kutwa. Ukikatwa nitabaki nikitazama ukuta wa jirani. Niliogopa, nasema kweli. Nikafikiri kwamba ukimulikwa vizuri, mke wangu atauona uzuri wake na kubadili mawazo. Ijumaa saa kumi jioni nikamleta muuza taa.

Alikuja na sanduku la bati, koti jeupe la kidaktari na futi ya kupimia shingoni. Kadi yake iliandikwa MWANGA KWA MITI YA BUSTANI. Mke wangu aliisoma pale mlangoni.

"Umeniletea mwanga nyumbani, mchana kweupe?"

"Wa taa, mama," muuza taa akajibu upesi. "Wale wengine hawatembei na kadi."

Nikamweleza kwamba nataka taa nne za njano, zikae chini, zimulike mti upande wa kibarazani. Alinitazama kama niliyeingia chumba cha mgonjwa bila kubisha hodi.

"Polepole, mzee. Taa haichaguliwi na mwenye nyumba. Kwanza nimjue yeye."

"Yeye nani?"

"Mti."

"Mti si yeye," nikasema. "Mti *una*, miti *ina*. Darasa la tatu hilo."

"Nikishammulika mtu usoni siwezi kumwita *huo*," akasema, akatoa fomu ya kurasa sita.

Akaweka kigoda mbele ya mti, akaketi. "Shikamoo," akauambia, akangoja. Kisha akaandika: *mpole*.

"Mvua ikinyesha anainamia wapi?"

Najua viambishi vyote vya kitenzi cha Kiswahili, lakini hilo sikulijua. "Kulia," nikabahatisha.

"Kushoto," sauti ikatoka dirisha la jikoni. "Upepo unatoka kwa jirani. Anainama mpaka tawi linanigongea kioo."

Muuza taa akageuza kigoda, akanipa mgongo. "Majani, mama?"

"Ndoo mbili kila siku. Jumapili tatu, sijui kwa nini."

"Wageni?"

"Njiwa wawili. Jike anachechemea."

"Amewahi kuumwa?"

"Mwaka ule wa ukame alitoka utomvu mweusi. Nikamwogesha kwa majivu na maji ya sabuni wiki tatu, akapona."

Mke wangu alikuwa ameshatoka nje, mwiko mkononi. Alisema *nikamwogesha*, nami niliyewahi kumkatiza mkaguzi wa elimu kwa kosa dogo kuliko hilo nikaliacha lipite. Wiki tatu! Nilikuwa wapi? Nilikuwa shuleni nasahihisha madaftari, nikirudi nakula, nikimaliza nalala.

"Ila mimi ndiye niliyeupanda," nikasema.

"Ukaupanda, ukaondoka. Aliyebaki naye ni mimi, miaka ishirini na tisa. Huu mgongo unaouma ni kazi yake. Ulipostaafu nikasema alhamdulillahi, nimepata wa kunisaidia kufagia. Ukaleta kiti!" Akamgeukia muuza taa. "Nikaona basi, mmoja wao akatwe. Huyu hapa, mkata miti kamkataa."

Muuza taa akaandika yote hayo. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nilikuwa nimekuja kuutetea mti kwa mtu aliyekuwa akiulea.

Tukafika ukurasa wa mwisho, penye *jina la mlezi*. Nikanyoosha mkono nipokee kalamu. Ikapita juu ya mkono wangu, ikaenda kwa mke wangu.

"Nikisaini, kesho inakuwaje?" akauliza.

"Mimi simuliki visiki, mama."

Akautazama mti. Harufu ya kitunguu kinachoungua ilikuwa inatoka jikoni, naye hakwenda. Kisha akanitazama mimi, na sijawahi kusubiri matokeo ya mtihani wowote kwa moyo ule.

"Ndoo mbili," akasema.

"Jumapili tatu," nikasema.

"Saa kumi na mbili asubuhi. Si saa nne, baada ya redio."

"Sawa, mke wangu."

Akasaini, akampigia simu mkata miti asije. Mimi nilionyeshwa mstari wa chini kabisa, penye *jirani aliyeshuhudia*. Nikasaini hapo.

Taa aliichagua mke wangu. Ilikuwa moja tu, ndogo, nyeupe, kwa sababu ya njano, alisema, ingemzeesha. Akaonyesha kwa mwiko iwekwe wapi: kushoto, upande wa jikoni.

Jua lilipozama ikawashwa. Kutoka kibarazani niliona mgongo wa mti, mweusi tii. Nikabeba kiti changu, nikaingia nacho jikoni, chumba ambamo sikuwa na mahali pangu. Mke wangu alikuwa amesimama dirishani, mikono imejaa unga. Nikatua kiti kando yake.

"Si hapo, unanizibia."

Nikasogea.

"Bado."

Nikasogea mpaka bega likagusa jokofu, ndipo nikauona wote, kuanzia shina hadi vitawi vya juu. Ulikuwa mzuri, jamani, na nilikuwa nimekaa upande usio wake miaka yote hiyo. Jani moja likachomoka juu kabisa, likashuka taratibu ndani ya mwanga, sote wawili tunalifuata kwa macho mpaka likatua chini.

"Hilo lako," akasema mke wangu.